Upande wa Kushoto wa Uso

Nyinyi vijana mnaonitembelea hapa kwangu Napetet, mjini Lodwar, mkiwa na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, huwa mnaniuliza swali moja. Mnataka kujua ni jino gani lililonisumbua zaidi katika kazi yangu. Mnatarajia niseme gego la mwisho la chini, lile linalolala ubavu ndani ya mfupa, na kweli magego hayo yamenitoa jasho. Kuna mvuvi mmoja wa Todonyang, mzee mwenye shingo kama ya fahali, aliyenifanya nipande kitini kwa goti moja nikivuta, huku yeye akinibembeleza: "Vuta tu, mama, usiogope." Jino lilipotoka aliliomba, akalifunga kwenye kona ya shuka yake, akaenda nalo.

Lakini meno yaliyooza hayakunichosha. Yaliyonichosha ni meno mazima. Jino zima, jeupe, lenye mzizi mrefu usio na kasoro, limelala kwenye kiganja cha mwanamke, naye anakuambia ameanguka.

Nilifanya kazi ya kinywa Lodwar, halafu Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, halafu nikarudishwa Lodwar hadi nilipostaafu. Sikuwa daktari wa digrii. Nilikuwa ofisa wa afya ya kinywa mwenye diploma, ingawa huku kila mtu aliniita dokta, na kule kambini jina langu lilikuwa Mama Meno. Waliona ni kichekesho kwamba Mama Meno mwenyewe ana pengo. Mimi ni Mturkana wa zamani. Meno yangu mawili ya mbele ya chini yaling'olewa nikiwa mtoto, kama ya wenzangu wote. Wasomali wa kambini walikuwa wakikaa kwenye kiti changu, nawachekea ili watulie, nao wanaangaliana kana kwamba wamekosea mlango.

Aliyenifundisha kusoma uso ni Mzee Barasa, mtu wa Bungoma aliyekuja Lodwar kutibu meno akiwa kijana na kusahau kuondoka. Siku ya kwanza aliniletea mgonjwa aliyevimba shavu, nami nikakimbilia picha ya eksirei. Akainyakua mkononi mwangu na kuiweka mfukoni.

"Picha haina haraka," akasema. "Mtu akianguka, nini kinatangulia chini?"

"Mikono."

"Basi nionyeshe viganja vyake."

Viganja vya yule mama havikuwa na mkwaruzo. Magoti yake pia. Kidevu chake kilikuwa safi. Mzee Barasa akanisogeza pembeni, akainua mkono wake wa kulia, akaupeleka polepole hadi ukagusa shavu langu la kushoto. Akaniacha nifikirie mwenyewe.

Sikilizeni, kwa sababu hili hamtaliona mpaka mtu awaonyeshe. Anayeanguka huumia mahali pa mbele na pa juu juu: kidevu, pua, ncha za meno, viganja, magoti. Anayepigwa na mtu aliyesimama mbele yake huumia shavu la kushoto, jicho la kushoto, taya la kushoto, kwa kuwa watu wengi hupiga kwa mkono wa kulia. Ukifunua mdomo wake kwa ndani utaona umechanwa na meno yake mwenyewe. Ukimwambia avute mikono ya nguo, utakuta mkono mmoja umevimba upande wa nje, kati ya kiwiko na kifundo, kwa sababu aliuinua kujikinga. Aliyepigwa kwa ekicholong, kile kigoda ambacho wanaume wetu hukalia na kulalia kichwa, hubaki na mchubuko uliopinda kama mwezi mchanga. Na mtazame mdomo wa juu. Ukiona kovu la zamani chini ya jeraha jipya, umeshajua habari yote, hata akikuambia ni mara ya kwanza.

Na taya, mkumbuke, ni kama bangili. Ukiigonga mahali pamoja, mara nyingi inavunjika mahali pawili. Usifurahie kupata ufa mmoja ukaacha kutafuta wa pili. Mwinue ulimi: damu ikiwa imevilia chini yake, mfupa umevunjika, hata kama picha haioni kitu. Mwulize kama mdomo wa chini umekufa ganzi. Halafu mwambie aume meno polepole, na umwulize kama yanakutana kama zamani. Hakuna mashine inayojua jibu la swali hilo kumshinda mwenye meno.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Taya la kwanza nililofunga kwa waya, nilizungusha nyaya vizuri, nikasokota ncha zote upande mmoja, nikajisifu moyoni. Mzee Barasa akaja, akachungulia, akamwuliza mgonjwa, "Meno yanakutana?" Mgonjwa, kijana wa Lokichar aliyepigwa rungu kwenye ugomvi wa kisima, akatikisa kichwa. Mzee akanipa koleo. Nilikata kila waya niliyoifunga na kuanza upya, huku kijana akinitazama kwa huruma kana kwamba mimi ndiye niliyevunjika.

Siku hizi Lodwar wanatia vyuma vidogo na skrubu, na mgonjwa anakula ugali mapema. Ni kazi nzuri, nami naisifu. Lakini mtapelekwa vituo ambavyo hata umeme unakuja ukitaka, na huko mtarudia waya.

Jambo jingine la kazi, halafu niwaambie nilichotaka kuwaambia. Jino zima likidondoka, lishikeni kwa kichwa, kamwe si kwa mzizi. Lisisuguliwe. Liwekwe ndani ya maziwa, liletwe upesi, na linaweza kurudishwa. Niliwafundisha watu hivyo kila kijiji nilichofika, na walielewa. Siku moja msichana aliyepigwa jiwe na mwenzake kwenye foleni ya maji aliletwa kutoka Lopur na mjomba wake, wakiwa na kibuyu. "Tumeleta jino kwa maziwa, kama ulisema," mjomba akaniambia kwa fahari. Nikafungua kibuyu. Kilikuwa kikavu, na jino limekwama chini. Nikamtazama mjomba. Midomo yake ilikuwa bado na weupe wa maziwa.

"Jua ilikuwa kali, dokta," akasema. "Lakini jino sikumeza."

Tulicheka hadi yule msichana akacheka na damu mdomoni. Nawaambia hili ili mjue kwamba tulicheka pia. Msidhani tulikuwa tukilia kutwa nzima.

Kakuma ndiko nilikoona kila namna ya ugomvi. Kule kuna watu wa kila vita. Vijana wa Sudani Kusini waligongana uwanja wa mpira kwa jambo lililoanzia kwao kabla hawajazaliwa, nasi tukawashona nyusi na midomo, maadui wawili kwenye benchi moja, wakipokezana pamba. Wanawake walipigana kwa mitungi kwenye bomba. Hao niliwashona bila kuumia sana moyoni, kwa sababu waliniambia ukweli. "Huyu ndiye amenipiga, nami nimempiga hivi." Ukweli huponya haraka, sijui kwa nini, lakini niliona.

Waliosema wameanguka ndio walionirudia.

Nilikuwa na mwenzangu pale, Riziki, mkimbizi kutoka Kongo, aliyeajiriwa kituoni kutafsiri na kuzungumza na wanawake. Mwanamke mnene, mcheshi, aliyevaa kitenge hata kwenye joto la kuchemsha yai. Yeye hakuhitaji kuona viganja. Alisimama mlangoni, akamtazama mwanamke akiingia na mumewe nyuma yake, akaninong'oneza, "Mama dokta, ule hakuanguka. Mutu anaanguka anakuja analia. Ule anakuja ananyamaza."

Asekon alikuja akiwa amenyamaza.

Alitoka Lopur kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mumewe, kichwa kimefungwa shuka. Alikuwa mchoma makaa. Aliyauza kambini kwa Wakongo na Warundi. Mumewe aliitwa Lokeris. Alikuwa mwanamume mrefu, mtulivu, mwenye sauti ya chini, na alimshusha mkewe kwenye pikipiki kama anayeshusha kitu cha udongo.

"Ejok," nikawasalimu.

"Ejok noi," Lokeris akajibu kwa niaba ya wote wawili.

"Amepatwa na nini?"

"Punda ilimuangusha."

Nikamtazama Asekon. Akaitikia kwa macho. Nikamfungua shuka. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umejaa hadi jicho limezama. Nilimwomba anipe mikono. Viganja vilikuwa vyeusi kwa makaa, na havikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Chini ya ulimi damu ilikuwa imevilia. Taya lilikuwa limevunjika kushoto, karibu na pembe, na tena mbele, upande wa kulia.

Nilipogeuka kuchukua ganzi nikaona mkono wa Lokeris. Kwenye kifundo cha kidole cha kati, mkono wa kulia, kulikuwa na kidonda kidogo kirefu, kimeanza kuvimba.

"Na huo mkono?"

"Mti," akasema. "Mwiba."

Vijana, kidonda hicho mtakijua. Ni alama ya jino. Ni kidogo, mwenyewe hukidharau, lakini kinywa cha binadamu kina uchafu mwingi, na kidonda hicho huoza hadi kwenye kiungo na mtu akapoteza kidole. Nilikiosha vizuri, nikakifunga, nikampa dawa. Asekon alikaa akinitazama nikiufunga ule mkono. Sikuona hasira usoni pake. Alikuwa akiangalia kwa makini, kama anayetaka kuhakikisha kwamba nimeufunga sawasawa.

Halafu nikafunga taya lake. Hapo mila yetu ikatusaidia. Wagonjwa wengine, ukishafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, unatafuta mahali pa kupitisha mrija wa uji. Asekon alikuwa na pengo kama langu. Wazee walisema pengo hilo liliachwa ili mtu akikazwa taya na ugonjwa aweze kunyweshwa maziwa. Nilimwonyesha langu, nikamwambia atakula kupitia hapo. Macho yake yakacheka.

Mwenye taya lililofungwa akitapika anaweza kukosa pumzi. Kwa hiyo koleo la kukata waya hukaa kichwani pa kitanda, na lazima mtu wa karibu afundishwe zipi za kukata kwanza. Mama yake Asekon alikuwa mbali, malishoni na mifugo. Dada hakuwa naye. Nikamfundisha Lokeris. Alijifunza upesi, akanirudishia kila hatua bila kukosea. Yule niliyempa koleo la kumwokoa mkewe ni yeye.

Na alimtunza. Hilo lazima niliseme, kwa sababu mtaambiwa kwamba watu hawa ni fisi, halafu mtakutana nao na hamtawatambua. Alitembea kutafuta maziwa ya ngamia. Aliketi kando ya kitanda akishika kikombe, akimnywesha kidogo kidogo kupitia lile pengo, akimfuta kidevu kwa kona ya shuka yake. Wauguzi wasichana walimwangalia wakisema, "Mume kama huyu sisi tutampata wapi?"

Riziki alimwangalia kwa macho mengine. Alisubiri. Siku moja akamwendea Lokeris na ndoo. "Baba, tusaidie maji. Huku bomba imekauka, na mimi mugongo ni mubaya." Lokeris, mtu mwenye adabu, akachukua ndoo akaenda. Bomba lilikuwa halijakauka.

Nikakaa kitandani kwa Asekon. Nikamwuliza kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, na nilimwuliza wazi: "Ni yeye?"

Akaniambia kwa meno yaliyofungwa. "Ni yeye."

"Akilewa?"

"Hata asipolewa."

"Kwa nini safari hii?"

"Nilichelewa sokoni. Makaa hayakuisha, nikangoja." Akavuta pumzi kupitia pengo. "Akininywesha maziwa hivi, huwa nafikiri imeisha."

Nilimwambia kuna nyumba ya kina mama, mahali ambapo angeweza kukaa na watoto, na kwamba Riziki angempeleka. Akasikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama nyumba hiyo ina zizi. Alikuwa na mbuzi wake mwenyewe, aliowapata kwa makaa, na kama angeondoka wangebaki kwa Lokeris. Nyumba hiyo haikuwa na zizi. Lokeris akarudi na ndoo imejaa hadi ukingo.

Mfupa uliunga. Nilizikata nyaya, nikamwambia aume meno. "Yanakutana," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko kizima. Akapanda bodaboda nyuma ya mumewe, wakaenda.

Mara ya pili alikuja peke yake, kwa miguu, akiwa na mtoto mgongoni. Mdomo wa juu ulikuwa umechanika hadi karibu na pua, na meno mawili ya mbele ya juu hayakuwapo. Hakusema punda. Alikaa kitini akasema, "Andika."

Nikaandika. Nikajaza fomu ya polisi, nikaeleza kila jeraha na upande wake. Lokeris akakamatwa. Riziki alikwenda na Asekon kila mahali, akiwa amembebea mtoto. Kwa muda Asekon alilala kwa Riziki, kambini, kwenye nyumba ya mabati ya Riziki iliyojaa Wakongo, akajifunza kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaanza kushangaa kwa kusema "mama na mimi" kwa lafudhi ya Kongo hadi tukamtania. Nilimtengenezea meno mawili ya bandia. Alipoyavaa aliomba kioo, akajiangalia muda mrefu, akaufunika mdomo kwa mkono, akaufunua tena.

Nilidhani tumeshinda.

Siku ya kesi niliitwa kueleza. Nilieleza kama nilivyowaeleza nyinyi: viganja, kidevu, mkono wa nje, upande wa kushoto, kovu la zamani chini ya jipya. Hakimu alisikiliza vizuri na kuuliza maswali ya maana. Kisha Asekon akaitwa. Akasimama. Akasema, kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, "Punda iliniangusha."

Hakimu akamwuliza tena, polepole, kama anakumbuka aliyowaambia polisi.

"Punda," akasema. "Mara zote mbili."

Nje nilimkuta amekaa kivulini pa ukuta. Kwa mbali wazee wa pande zote mbili walikuwa wamesimama pamoja, wametulia kama watu waliomaliza shughuli. Nilielewa bila kuambiwa. Walikuwa wamekaa wiki ile, wameamua mbuzi wa faini, na mbuzi walikuwa wameshapelekwa kwa baba yake.

"Asekon," nikasema, "kwa nini?"

Hakunikasirikia. "Wewe, mama, jioni unarudi kwako. Mimi nirudi wapi?"

"Kwa Riziki. Kwa wazazi wako."

"Mbuzi wameshachinjwa huko. Nikibaki huko, watadaiwa mbuzi ambao wameshawala." Akasimama, akamkung'uta mtoto vumbi. "Na Riziki yuko kambini kwa watu. Nyumba yake si yake."

Riziki alikuwa kando yangu. Alikuwa amemletea sombe kwenye bakuli lenye kifuniko, akidhani watakula pamoja baada ya kesi. Akampa lile bakuli. Hakumwambia abaki. Tuliporudi kituoni Riziki alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akasema, "Mimi nilikimbia vita, mama dokta. Vita unaiona inakuja, unabeba batoto, unakimbia. Hii ya ndani ya nyumba, mutu anakimbia upande gani?"

Lokeris aliachiliwa, na Asekon akarudi kwake. Mwaka uliofuata nikahamishwa kurudi Lodwar.

Nilikuwa nikisafisha vyombo mchana mmoja nikaitwa chumba cha dharura. Gari la wagonjwa lilikuwa limefika kutoka Kakuma, na waliniita kwa sababu mgonjwa alikuwa anatoka damu mdomoni. Nikavaa glavu njiani. Nilipofunua mdomo nikaona meno mawili ya bandia ya juu, nikajua kazi ya mikono yangu kabla sijaujua uso.

Damu ya mdomoni haikuwa kitu, alijiuma ulimi. Jeraha lenyewe lilikuwa juu zaidi, kwenye paji, pembeni mwa jicho. Mchubuko uliopinda kama mwezi mchanga. Kushoto. Daktari kijana aliyekuwa zamu, msichana hodari, alifanya kila linalofanywa, na kulikuwa na mambo machache ya kufanya. Asekon hakuamka. Alikufa kabla ya jua kuzama, shemeji yake akiwa amesimama mlangoni na viatu vya Asekon mkononi.

Niliomba nimsafishe kinywa mimi. Nilipitisha kidole kwenye taya, pale nilipolifunga kwa waya. Mfupa ulikuwa umeunga sawasawa, laini, bila hata kinundu. Mzee Barasa alikuwa ameshafariki wakati huo. Angelipapasa na kuniambia ni kazi safi. Niliwaza hivyo nikiwa nimemshika kidevu, na tangu siku hiyo sijapata tena raha ya kazi safi.

Lokeris alivuka mpaka wa Nadapal akakaa ng'ambo, Sudani Kusini. Shemeji aliyeona akasema hakuona. Watoto waliochungulia walikuwa watoto. Wazee walikaa tena, na safari hii mifugo ilikuwa mingi zaidi kwa sababu ni maiti. Nilikwenda polisi mara nyingi hadi walinijua kwa jina na kunipa kiti. Hawakuwa wabaya, walikuwa na jalada lisilo na shahidi. Riziki akapata nafasi ya kupelekwa nchi ya baridi. Alinipigia simu kutoka huko mara moja, akaniuliza kuhusu Asekon. Nikamwambia.

Basi msinitake niwape matumaini. Nimewapa nilichonacho. Mwulizeni mtu akiwa peke yake. Andikeni mnachokiona, wala si mnachoambiwa. Msiahidi nyumba ambayo haina zizi. Mtafanya hayo yote vizuri, na wengine watakufa.

Karibu na kustaafu kwangu, kwenye kliniki ya Lodwar, aliingia mwanamume mrefu, shavu limevimba, ameinamisha kichwa kwa maumivu. Alikaa kitini kabla sijamtazama vizuri. Nilipowasha taa na kuishusha, Lokeris akafungua macho akanitambua.

"Ejok, mama," akasema.

Nilimwambia afungue kinywa. Lilikuwa gego la juu, limeoza hadi kwenye mshipa. Maumivu ya namna hiyo humfanya mtu mzima agonge kichwa ukutani. Meno yake mengine yote yalikuwa mazima. Hakuna aliyewahi kumpiga mdomoni. Nikavuta dawa ya ganzi kwenye sindano, naye akaushika mkono wangu, kwa woga tu.

"Pole pole, mama. Mimi naogopa sindano."

Mnataka nikuambieni nilimng'oa bila ganzi. Naona nyuso zenu. Nimewahi kuota nikifanya hivyo, na nimeamka nikiwa nimekunja ngumi. Nilimpa ganzi. Nilingoja ishike, nikagusa ufizi kwa ncha ya chombo, nikamwuliza kama anasikia, na aliposema kidogo, nikamwongeza. Nililegeza jino taratibu, mbele na nyuma, likatoka na mizizi yake yote mitatu. Hakuumia. Nikamwekea pamba, nikamwambia aume, nikamweleza asiteme mate wala asivute tumbaku siku hiyo.

"Utamwambia Mungu nini?" nikamwuliza.

Pamba ilikuwa mdomoni. Akaonyesha kwa kidole kwamba hawezi kusema. Akashuka kitini, akaniinamia kwa heshima, akatoka.

Nilimfuata hadi mlangoni. Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa msichana aliyevaa shanga mpya shingoni, tabaka juu ya tabaka, akiwa ameshika fimbo na kigoda cha Lokeris. Alisimama upesi alipomwona, akamgusa shavu kujua kama amepona. Uso wake ulikuwa laini pande zote mbili.

Lokeris akaenda kunywa maji kwenye tangi. Nikamsogelea yule msichana.

"Wewe ni mke wake?"

"Ndiyo, mama."

"Njoo unione siku moja. Njoo peke yako."

Akanitazama kwa mshangao, kisha akacheka, na nikaona meno yake yote, meupe, yamepangika.

"Mimi meno hayaniumi, mama," akasema.